Mahali Panapoitwa Kwa Kesho

Ukiwasha redio ya boti yoyote hapa kwetu asubuhi, utasikia manahodha wakiulizana walipo, na mmoja wao hakosi kujibu, "Niko Kwa Kesho." Mgeni akisikia hucheka, maana mtu yuko leo, atakuwaje kwa kesho? Mimi sicheki. Kesho ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na mahali hapo palipewa jina lake kwa ajili ya samaki ambaye hakuwahi kuwapo. Nina hakika na ninachosema, kwa sababu bendera ya samaki huyo niliipandisha mimi, kwa mikono yangu hii.

Jina la Kesho alipewa na wateja. Alikuwa nahodha wa boti ya kukodi. Watu wenye kazi zao za ofisini, wenye kofia mpya na mafuta meupe puani, hukodi boti pamoja na nahodha na msaidizi wake, wakavue samaki mkubwa kwa siku moja, wapige picha, kisha wakawachoshe wenzao ofisini kwa hadithi mwaka mzima. Siku ambayo samaki hawakuonekana, na mteja anashuka gatini amenuna, shemeji alikuwa akimshika bega na kumwambia, "Usijali, kaka. Kesho ni yako." Alisema hivyo kwa miaka kumi na tisa, bila kuchoka wala kuona haya.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na minne. Alinichukua nilipofukuzwa kiwanda cha mabati kwa sababu ya mdomo wangu. Alimwambia dada, "Mdomo hauzamishi boti. Mlete." Ndivyo alivyo. Hukoroma, husahau miwani juu ya kichwa chake, na akikasirika hunyamaza tu hadi wewe mwenyewe uombe radhi kwa kosa usilolijua. Kibanda cha usukani alikijenga kwa mikono yake, akapigilia ndani misumari mitatu: wa kofia, wa kikombe, na wa funguo za boti. Boti yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyeirithi kwa mumewe, mama mnene wa maneno machache, ambaye baharini hakanyagi kwa kuwa hata akitazama beseni la maji likitikisika husikia kichefuchefu.

Sasa nieleze habari ya bendera, maana bila hiyo hadithi haieleweki. Samaki anayetafutwa na wateja ni nduaro, yule mwenye pua kama mkuki. Zamani alipandishwa ndani, na boti ilirudi na kibendera chekundu. Siku hizi karibu wote huachiwa warudi majini, na boti hurudi na kibendera cheupe. Watu husimama gatini na kuhesabu vibendera, na kesho yake wanakodi boti yenye vingi. Lakini samaki aliyeachiwa hana ushahidi, kwa hiyo manahodha wana sheria yao ambayo haikuandikwa popote. Mwisho wa mshipi, karibu na ndoano, kuna kipande cha waya. Msaidizi akiushika waya huo kwa mkono wake, samaki amehesabiwa, hata akichoropoka dakika hiyohiyo. Ukifika gatini na kibendera cheupe, utaulizwa swali moja tu: "Mkono umegusa?" Ukisema umegusa, umegusa. Hakuna aliyewahi kuapa.

Mwaka ule tulikaa siku arobaini na moja bila kibendera. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Sisi hatukuiba kitu na tulizipita. Boti nyingine nazo zilikuwa na hali mbaya, lakini walau mbili, tatu kwa wiki walipata. Sisi tulipata mwani, na jodari wadogo wa kukaanga. Nilibadilisha chambo, nilibadilisha rangi za chambo, nikabadilisha hata shati. Shemeji alianza kuamka kabla ya saa ya kengele na kukaa kitandani akiwa amevaa viatu, dada aliniambia. Alipungua hadi mshipi wa suruali ukahitaji tundu jipya, akalitoboa kwa msumari.

Kisha mwenye boti akaja gatini na mwavuli wake. Hakupayuka. Alisema, "Nahodha, nimekuvumilia. Mpwa wangu amemaliza mafunzo ya unahodha na hana chombo. Ukifika mwisho wa mwezi bila bendera, nirudishie funguo."

Shemeji akajibu, "Sawa, mama." Mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa.

Mtu wa miaka hamsini na minne, asiyejua kazi nyingine hata ya kupiga pasi, ataenda wapi? Boti zote nyingine zina manahodha wao, na hakuna anayemwajiri nahodha aliyenyang'anywa funguo kwa kukosa samaki. Ni kama mpishi aliyefukuzwa kwa kuunguza. Nilimwambia tukienda nyumbani, "Shemeji, tumekwisha." Akasema, "Bado siku mbili." Sauti yake ilinitia hofu kuliko maneno ya yule mama.

Siku ya kwanza kati ya hizo mbili tulimchukua wakala wa bima, mtu mpana mwenye kicheko kikubwa. Kicheko kiliishia penye ukuta wa bandari. Kuanzia hapo alikumbatia ndoo, na uso wake haukutoka ndani ya ndoo hiyo hadi saa saba mchana. Tulikuwa tumekata tamaa na tunarudi, mtu angeweza kutuona kutoka ufukweni, pale mshipi mmoja ulipoanza kukimbia. Gurudumu la mshipi lililia. Shemeji alipunguza injini, mimi nikavuta, nikavuta, kitu kizito kikaja, nikaukamata waya.

Lilikuwa gunia. Gunia la plastiki la saruji, limejaa maji na mchanga.

Nilikata waya nikaliacha lizame. Nilimtazama shemeji, naye akanitazama, na wala hatukucheka, sisi tuliokuwa tukicheka hata injini ikizima. Ndipo sauti ikatoka ndani ya ndoo: "Ni nini? Tumempata?"

Sijui ilikuwa huruma au ilikuwa kufa maji, maana mfa maji hukamata maji. Shemeji alifumbua mdomo akasema, "Nduaro, kaka. Mkubwa. Tumemwachia."

Yule mtu alitoa uso kwenye ndoo. Alikuwa analia kwa furaha. "Nilijua," alisema. "Nilisikia ile mashine inalia. Mke wangu hataamini." Kisha akasema neno lililotumaliza: "Sasa mbona hampandishi ile bendera?"

Nilisubiri shemeji aseme ni mzaha. Aligeukia usukani, na bila kunitazama akaniambia, "Mkono umegusa, shemeji. Pandisha."

Nilipandisha. Mkono ulikuwa umegusa kweli. Sheria haikusema waya uwe na nini upande wa pili.

Gatini walitupokea kama maharusi. Manahodha wenzake walimpenda, na ukame wetu ulikuwa umewauma hata wao. Kifua, nahodha wa boti ya kijani, mtu mwenye sauti ya tarumbeta, alimkumbatia. "Mkono umegusa?"

"Umegusa."

"Wapi, ndugu yangu?"

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya adabu. Katika kazi yetu, ukiulizwa wapi, unasema. Asiyesema hatasaidiwa siku injini ikizima. Shemeji hakuweza kusema ni hapo karibu na ukuta wa bandari, wangemcheka. Hakuweza kusema ni kaskazini, kwa kuwa wote walikuwa kaskazini na wangeona. Basi akachagua kusini, mbali, mwendo wa saa mbili, sehemu ya matope ambayo hakuna aliyeivua tangu tuanze kazi. Tunaiita jangwa. Alifikiri hakuna mwenye akili atakayechoma mafuta kwenda huko.

"Kusini," alisema. "Ukiona bomba la kiwanda limejificha nyuma ya tangi la maji, hapohapo."

"Kule jangwani?"

"Kulekule."

Kifua alikuna kidevu. Nilimwona akiamini. Aliamini kwa sababu shemeji yangu, katika miaka kumi na tisa, hakuwahi kusema uongo kuhusu samaki, na katika kazi hii mtu kama huyo utamtafuta hata kwa tochi usimpate.

Mwenye boti alipelekewa habari za kibendera. Akajibu kwamba amesikia, lakini mwezi bado una siku moja, na bendera moja katika siku arobaini na mbili anaweza kuipata hata yeye akiwa na beseni lake. Kesho alete nyingine.

Asubuhi ya mwisho mteja wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye daftari na kofia iliyofungwa kwa kamba chini ya kidevu. Alikuwa amepita gatini jana yake na kuiona bendera nyeupe. "Nimewachagua nyinyi," alisema, "kwa sababu mnafanya kazi kimyakimya." Shemeji alimpa mkono apande.

Tulikwenda kaskazini. Boti nyingine tano zilitoka nasi, zikapinda kusini penye ukuta wa bandari, zote, moja nyuma ya nyingine kama vifaranga. Shemeji aliziangalia hadi zikawa vidoti. "Watachoma mafuta yao bure," alisema. "Mungu anisamehe." Mdomo wangu, ambao hauzamishi boti, siku hiyo ulikauka.

Saa tatu asubuhi redio iliita. Ilikuwa sauti ya Kifua. "Kesho, Kesho, unanisikia? Tumempata mmoja papo hapo uliposema. Mkono umegusa. Ubarikiwe, ndugu yangu."

Shemeji aliitazama redio. Kisha akazima uso wake, kama mtu anayefunga dirisha, akaniambia polepole, "Wamejua. Wananicheza shere."

Nami niliamini hivyo. Nani asingeamini? Tulijua kwamba hakuna samaki kule. Tulikuwa tumemtunga wenyewe. Tukaona kwamba yule wakala wa bima amesema jambo, au mtu wa ufukweni aliliona gunia, na sasa wenzetu wanatuchapa kwa maneno, pamoja. Nusu saa baadaye ikaita boti ya pili: "Kesho, wawili kwetu. Mkono umegusa mara mbili. Uko wapi wewe? Njoo kwako." Na kicheko. Shemeji alipunguza sauti ya redio. Masikio yake yalikuwa yamewaka.

Mwongo ana adhabu nyingi, lakini hii sikuwa nimeisikia kabla: haamini hata akiambiwa kweli.

Mwalimu alikuwa ameketi nyuma yetu na daftari lake. Kaskazini kulikuwa kumekufa kabisa, hata ndege hawakuwapo. Saa nne na nusu aliinuka, akaja hadi mlangoni mwa kibanda. "Nahodha," alisema, "wenzako wanakushukuru kwa mahali ulipowaelekeza. Kwa nini sisi hatuko huko?"

"Wanatania, mwalimu."

"Nimesahihisha insha miaka thelathini na tano. Mtoto anayetania namjua, na mtoto anayeficha kitu namjua hata kwa mgongo. Yule bwana wa redio hatanii."

Wakati huohuo redio ikaita tena, na safari hii ilikuwa sauti ya mteja, si nahodha. Mtu mzima anapiga ukelele kama mtoto, na nyuma yake gurudumu la mshipi linalia. Sauti hiyo haiigizwi. Shemeji aliisikia, nami niliisikia. Alishika ukingo wa kibanda.

"Ni kweli," alisema. "Shemeji, ni kweli. Wapo."

Kutoka tulipokuwa hadi kule ni mwendo wa saa tatu, na boti zote lazima ziwe gatini saa kumi. Tulivuta mishipi ndani, akasukuma injini zote mbili hadi mwisho, kitu ambacho kamwe hakufanya kwa mashine za watu. Boti iligonga mawimbi, kikombe kilianguka kutoka msumarini kikavunjika, hakukitazama. Njiani, bila kuulizwa, alimwambia mwalimu kila kitu: gunia, ndoo, bendera, bomba na tangi. Alisema yote huku ametazama mbele. Mwalimu alifunga daftari. Nilidhani atadai arudishwe.

"Basi kimbia," alisema.

Tulifika saa saba na robo. Bomba la kiwanda liliingia nyuma ya tangi la maji taratibu, kama alivyosema, na hapo chini maji yalikuwa na mstari, upande mmoja ya matope na upande mmoja ya bluu. Mstari huo haukuwapo miaka yote. Labda mkondo umehama, sijui, mimi si msomi wa bahari. Boti tano zilikuwa zinaondoka. Zilipita karibu nasi zikipiga honi, watu wamesimama wanatupungia mikono, na juu ya kila moja kulikuwa na kitambaa cheupe. Ya Kifua ilikuwa na vitatu.

Tulivua dakika arobaini. Nitazikumbuka hata nikisahau jina langu. Shemeji alisimama ameushika usukani na kusema kwa sauti ya chini, "Njoo. Njoo, baba. Mmoja tu." Hakuna kilichogusa. Mstari ule majini ulififia mbele ya macho yetu hadi maji yote yakawa ya rangi moja.

Tulipogeuka kurudi nilifungua sanduku la bendera. Nilimwambia, "Shemeji, mahali penyewe sasa panajulikana. Boti tano zimepata. Nani atauliza?" Mwalimu alitazama pembeni, akasema, kana kwamba anazungumza na bahari, kwamba macho yake si mazuri siku hizi na hakuona vizuri kilichotokea. Shemeji alininyooshea mkono, nikampa kile kitambaa. Alikikunja vidoleni muda mrefu. Niliomba moyoni akubali; sioni aibu kusema. Nilikuwa na watoto wanaosoma, na yeye ni mume wa dada yangu.

"Rudisha," alisema. "Ile moja imetosha."

Gatini walikuwa wanamngoja. Walimbeba begani kabla hajafunga kamba. Kifua alipaza sauti kwamba huyu ndiye mwanamume, kapata mahali akawapa wenzake, yeye mwenyewe akaenda pengine ili asiwabane. Mwenye boti alikuwa amesimama nyuma yao chini ya mwavuli. Alitazama juu ya boti yake, palikuwa patupu. Alitazama boti nyingine, moja baada ya nyingine.

"Uliwapa," alisema. "Ulikuwa na mahali, ukawapa watu, boti yangu ukaipeleka pengine."

Shemeji alishuka begani mwao, akavua kofia.

"Hapana, mama. Nilidanganya. Jana hatukupata samaki. Tulipata gunia. Mahali nilipataja tu, kwa uongo, hapakuwa na kitu."

Kwanza Kifua alicheka, kisha wote. Walimpiga mgongoni. Huyu naye na unyenyekevu wake, walisema; hataki sifa. Mimi nilisema, "Ni kweli, niliushika waya mwenyewe," wakacheka zaidi, maana mimi najulikana kwa mdomo. Mwalimu alisema ni kweli, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na hakuna aliyemsikia ila yule mama.

Mwenye boti hakucheka. "Kwa hiyo samaki wote hawa ndio waongo?" aliuliza. Kisha akasema, "Kama ulidanganya, sitaki mwongo. Kama hukudanganya, umewapa watu riziki yangu. Chagua mwenyewe, mimi kwangu ni sawa." Akanyoosha mkono.

Shemeji alirudi kibandani. Nilisikia funguo zikitoka msumarini. Alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu, akasema, "Samahani kwa kikombe," ingawa kikombe kilikuwa chake.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Sasa nahodha ni yule mpwa, na mimi bado ni msaidizi kwenye boti ileile, kwa sababu tumbo halina shemeji. Pale kusini samaki wanaendelea kupatikana, na manahodha, kwa heshima, wamepaita jina lake. Wanadhani wamempa zawadi. Yeye hukaa nyumbani kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, ana kijiredio cha mkononi alichopewa na Kifua, na kutwa nzima husikia watu wakienda Kwa Kesho na kutoka Kwa Kesho. Dada anasema hukizima, kisha hukiwasha tena. Mara mbili Kifua alimwita wapande pamoja, naye shemeji akasema mgongo unamuuma.

Juzi nilipitia kwao kutoka kazini. Alinikaribisha chai, akaniuliza watoto, akaniuliza injini ya kushoto kama bado inakohoa. Kijiredio kilikuwa kimezimwa mapajani mwake. Halafu akauliza, akiwa ametazama dirishani, "Hivi, shemeji, leo kule mlipata?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Nilimwona jinsi alivyokonda shingo. Nikasema, "Wapi, shemeji. Siku hizi hakuna kitu kule. Jangwa lilelile."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepumzika. Niliinuka kuaga, nikampa mkono, naye hakuuachia. Aliugeuza kiganja kikaangalia juu. Glavu nilikuwa nimeisahau nyumbani siku hiyo, na mstari wa waya ulikuwa mbichi, mwekundu, kuanzia kidole cha shahada hadi chini ya kidole gumba.

Alipitisha kidole chake juu ya ule mstari, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mkono umegusa," alisema. Kisha akamwita dada aniletee dawa ya kupaka.